Masikio ya Mama Matone

Kabla yake, habari za chuo tulizipata kwa mlinzi wa geti. Sitanii. Unafika asubuhi, unashusha kioo cha gari au unaikokota baiskeli yako, na mlinzi anakupa muhtasari: maji yamekatika bweni la wasichana, mkuu wa kitivo cha biashara amejiuzulu, kuna wageni wazito wanakuja kesho kwa hiyo vaa viatu vya maana. Wakuu wa chuo waliotangulia walikuwa watu wa barua. Waliandika, wakagonga muhuri, wakabandika kwenye ubao wa matangazo pembeni ya chumba cha fotokopi. Ubao wenyewe ulikuwa na mlango wa kioo na kufuli, na ufunguo ulishapotea zamani, kwa hiyo barua mpya zilibandikwa juu ya kioo na zile za zamani zikabaki ndani zikigeuka rangi ya chai.

Halafu akateuliwa Mama Matone.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wa kemia miaka mingi kabla hajawa Mkuu wa Chuo. Kwenye maabara alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya mwanafunzi anayepima asidi na kumwambia polepole, "Tone. Tone. Tone jingine. Basi!" Na ole wako ukifungua koki kwa pupa, ungeosha vyombo vya darasa zima. Alikuwa mtoto wa fundi mwashi na mkunga, mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye hatua za haraka kama anayewahi sufuria jikoni, na kicheko kinachoanzia tumboni. Sisi wahadhiri tulilichukua jina lile kwa kejeli kidogo. Baadaye kejeli ikaondoka, jina likabaki.

Jambo la kwanza alilofanya ni kutuita wote ukumbini, Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, saa ambayo mtu mwenye akili zake anataka kusinzia. Tulikwenda tukinung'unika. Tulitarajia hotuba. Badala yake alipanda jukwaani na karatasi moja iliyokunjwa, akavaa miwani, akatutazama kama mama anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango.

"Nina habari chungu na nina habari tamu," alisema. "Nianze na chungu, ili mkitoka hapa mdomo usiwe mbaya. Pampu ya kisima imekufa na haitafufuka wiki hii, msidanganywe na mtu. Mkandarasi wa jengo la maktaba ametukimbia, tunamtafuta. Vyoo vya jengo la sayansi vimeziba. Nimeingia mwenyewe kuangalia, kwa hiyo asije mtu kunisimulia harufu, naijua. Sasa tamu. Mwenzetu wa idara ya uuguzi ametetea shahada yake ya uzamivu juzi. Simama tukuone."

Yule dada wa uuguzi akasimama nusu, akaketi haraka kama kiti kilikuwa kinakimbia. Tukapiga makofi. Hatukuwa tumezoea kupigiana makofi.

Ikawa hivyo kila mwezi. Hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akiulizwa jambo asilolijua alisema, "Hilo silijui, nitaulizia," na mwezi unaofuata alianza na jibu, hata kama aliyeuliza alishasahau. Alikuwepo profesa wa sheria, mzee mwenye masharubu mazito, ambaye tulimwita Pingamizi kwa sababu hakuna mkutano uliomalizika bila yeye kusimama na kuuliza, "Kwa utaratibu upi?" Wakuu wengine walikuwa wakimwona anasimama, wanafunga kikao. Mama Matone alimjibu kila mara, kwa mapana na marefu, mpaka mzee akachoka mwenyewe.

Nilikuwa naishi nyumba ya pili kutoka kwake, kwenye nyumba za wafanyakazi zile za matofali mekundu nyuma ya kiwanja cha mpira. Kwa hiyo mengi ninayoyasimulia hapa niliyaona mwenyewe, na yale ya ndani nilisimuliwa na yeye pamoja na mume wake, tukiwa tumekaa kibarazani kwao, baada ya mambo kutulia.

Mume wake alikuwa mwalimu wa michezo aliyestaafu, mrefu, mkavu, mtu aliyezoea kuongea na uwanja mzima. Yeye ndiye aliyegundua kwanza. Redio ya pale nyumbani ilianza kupanda sauti kidogo kidogo, mpaka ikawa mimi nikiwa nanyoa ndevu bafuni kwangu nasikia taarifa ya habari yote bila kuwa na redio.

"Mke wangu," alimwambia siku moja, "jirani anasikiliza habari bure. Tumtoze."

"Wewe ndiye umeanza kunong'ona siku hizi," mama akamjibu. "Uzee huo."

Mume akacheka, kwa sababu kuna mambo mengi mtu angeweza kumshutumu nayo, lakini si kunong'ona. Kilichomgusa mama hasa ni mjukuu wake, binti wa mtoto wao wa kwanza, aliyekuja likizo. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kikombe mkononi, machozi yanamlengalenga. "Bibi, nimekuita mpaka nimechoka. Umenikasirikia?"

Kesho yake alikwenda kwa daktari wa masikio. Alifungiwa kwenye kachumba kadogo, akavishwa vipokea sauti, akaambiwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Alibonyeza mara chache, akakaa akisubiri. Alidhani mashine imeharibika. Alipoinua macho akaona daktari anamtazama kupitia kioo kwa upole fulani ambao haukumpendeza hata kidogo.

Mishipa ya masikio yote mawili ilikuwa inakufa polepole, na haikuwa ya kurudi. Daktari alimpa vifaa viwili vidogo vya kuvaa nyuma ya masikio. Mama alivitia kwenye mkoba, akafika nyumbani, akaviweka kwenye droo ya kabati chini ya vitambaa vya kichwa, akafunga droo.

Sababu ilikuwepo. Baraza la Chuo lilitarajiwa kukaa mwaka uliofuata kuzungumzia kama aongezewe muhula mwingine, na alishawahi kumsikia mjumbe mmoja akisema juu ya mtu mwingine kwamba chuo kinahitaji kiongozi "aliyekamilika." Neno hilo lilikuwa limemkaa kama mwiba wa samaki. Isitoshe, aliniambia baadaye, aliona haya. "Si haya ya kuumwa," alisema. "Haya ya kuuliza 'eh?' kila mara, halafu mtu arudie maneno kwa sauti ya kumwambia mtoto."

Basi akajikaza kisabuni. Alijifunza kusoma midomo. Alimwambia katibu muhtasi wake asiongee akiwa nyuma yake, kisa eti anashtuka. Kwenye vikao alichukua maswali ya safu za mbele, ambako aliona midomo vizuri, na wa nyuma wakinyoosha mkono aliwapita kwa tabasamu. Akibanwa alisema, "Nimekusikia, tutalifanyia kazi," na kuendelea na mwingine. Ukimsalimu kwenye korido akiwa amekupa mgongo, alipita kama amepita nguzo.

Sisi huku hatukujua lolote. Tuliona tu mtu aliyekuwa anajibu kila swali ameanza kuchagua wa kuwajibu. Kwenye kantini maneno yakaanza kutembea. Cheo kimempanda kichwani. Siku hizi ana watu wake. Walimu wadogo, ambao ndio waliokaa nyuma, waliacha kunyoosha mikono. Wengine wakaacha kuja.

Ndipo ikaja ile Jumatano ya mvua.

Wiki hiyo tulikuwa tumempoteza mzee wetu wa idara ya lugha, mwalimu aliyewafundisha nusu ya walimu wa pale, mchekeshaji asiye na mfano, mtu aliyeweza kukusahihishia sentensi huku anakukopesha mwavuli. Mama Matone alianza na habari hiyo. Alisema kwa kifupi, tukasimama kimya. Alisema familia bado inapanga, atatuarifu. Kisha akaendelea na mengine, kwa sababu mwezi una mambo yake: ratiba ya mitihani, umeme wa maabara, na mwisho ile habari tamu ambayo watu wa kilimo walikuwa wameisubiri mno, kwamba mazizi mapya ya ng'ombe wa mafunzo yamekamilika kule chini karibu na bwawa.

Mvua ikaongezeka. Ukumbi wetu una paa la bati, na mvua ikipiga pale hata mwenye masikio mazima husikia nusu. Mwalimu mmoja wa takwimu alisimama safu ya nyuma. Alikuwa mpwa wa marehemu, amelelewa nyumbani kwake tangu mdogo, mwanamke mwenye sauti laini hata siku za kiangazi.

"Mkuu," aliuliza, "kuhusu mazishi, chuo kitatusaidiaje kuwafikisha watu?"

Mama Matone aliona midomo kwa mbali, akaona "mazi," na iliyobaki akaimalizia mwenyewe. Uso wake ukang'aa.

"Nashukuru kwa swali hilo!" alisema kwa furaha. "Msiwe na wasiwasi, nafasi ni kubwa. Tutaanza kuwapeleka wale wazee wazee kwanza, wakishazoea, wengine watafuata kwa zamu. Na nyinyi wote mnakaribishwa kuja kutazama, maziwa yatakuwepo!"

Mtu mmoja aliangua kicheko, kile cha kushtukizwa, akakikata katikati. Baada ya hapo ilisikika mvua tu. Yule mwalimu wa takwimu akaketi, akainamisha kichwa.

Mama aliona nyuso zetu. Alijua ametumbukia mahali, hakujua ni wapi. Alimgeukia Naibu wake aliyekaa kando yake mezani, na Naibu, bwana mpole ambaye angependa ardhi immeze, alichukua kalamu akaandika maneno mawili pembeni ya ajenda yake: *mazishi, si mazizi.* Mama alisoma. Alivua miwani, akaivaa tena. Akasema kikao kimeahirishwa, akashuka jukwaani akishikilia reli kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Wengi tulidhani atajifungia. Lakini mvua ilipopungua kidogo alivuka uwanja peke yake, viatu vikizama kwenye matope, hadi jengo la takwimu, ghorofa ya kwanza, akabisha hodi kwenye mlango wa mpwa wa marehemu. Aliyoyasema mle ndani niliyapata kwa wote wawili, na yanafanana.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu. Sikukusikia."

"Nilisema kwa sauti, Mkuu."

"Ulisema. Masikio yangu ndiyo hayafanyi kazi. Mwaka sasa na zaidi. Nasoma midomo, na leo nimesoma vibaya."

Mabega ya mwalimu wa takwimu yakaanza kutikisika, na mama akadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini pia alikuwa anacheka. "Mjomba angeifurahia hiyo," alisema akijipangusa. "Angeisimulia mwaka mzima. 'Wale wazee wazee kwanza!' Mungu wangu. Angeomba azikwe hukohuko bwawani."

Wakacheka wote wawili hadi katibu wa idara akachungulia. Walipotulia, yule dada akasema jambo ambalo mama hakulitegemea.

"Mkuu, kwa nini hukutuambia? Sisi wa nyuma tulishaamua kwamba unatudharau. Mimi nilikuwa nimeuliza maswali vikao vingi, unanitabasamia, unapita. Leo sikutaka hata kusimama. Nimesimama kwa ajili ya mjomba tu."

Mama aliniambia kwamba neno hilo lilimuuma kuliko aibu ya ukumbini. Aibu ya ukumbini ilikuwa ya siku moja. Hii ilikuwa imekuwepo kimya kimya muda wote huo, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiipalilia kwa tabasamu lake.

Siku ya mazishi alifungua ile droo. Alitaka kusikia kila kitakachosemwa juu ya mzee, na akavaa vifaa vyake kwa mara ya kwanza mbele za watu, chini ya kitambaa. Alisema kwanza vilimchanganya: kila kiatu kwenye changarawe, kila kikohozi, kila karatasi. Kisha mpwa akasoma wasifu wa marehemu, na mama akausikia wote. Alisikia na udongo pia. "Nilikuwa nimesahau kwamba udongo una sauti," aliniambia.

Hata hivyo, jioni ile alivivua tena. Walibishana na mume wake mezani, sahani zikiwa bado hazijaondolewa.

"Waambie," mume alisema, akimtazama usoni ili midomo ionekane.

"Baraza linakaa karibuni. Nikisema sasa, nimejichongea mwenyewe."

"Watakuja kujua."

"Wakijua kwa muda wao, sawa."

Mume akasukuma sahani pembeni. "Wewe mwanamke uliwaambia maprofesa watu wazima kwamba choo kimeziba na kwamba umeingia ukakinusa. Leo utashindwa kuwaambia kwamba sikio limeziba?"

Alikasirika, akaondoka mezani, akaosha vyombo vyote kwa kelele ambazo yeye hakuzisikia na mume alizisikia zote. Lakini alipomaliza kukausha mikono alikuwa ameshaamua.

Jumatano ya kwanza ya mwezi uliofuata ukumbi ulijaa. Watu walikuja kwa ajili ya umbea, tuseme ukweli. Mama Matone alipanda jukwaani bila kitambaa, nywele amezifunga nyuma, na vile vifaa viwili vya kijivu vikaonekana wazi nyuma ya masikio yake, vidogo kama maharage.

"Nianze na chungu," alisema. "Kuna mali ya chuo imechakaa. Si pampu wala si paa. Ni masikio ya Mkuu wenu."

Baadhi wakacheka wakidhani ni utani, wakanyamaza walipoona yeye hacheki.

"Mishipa inakufa na haitapona. Nimejua zaidi ya mwaka, sikuwaambieni. Nimesimama hapa nikawapa habari za kila bomba na kila bati, hii nikaikalia. Mwezi uliopita mwenzetu aliniuliza habari za mazishi nikamjibu habari za ng'ombe. Nimemwomba radhi, na ameridhia niseme hapa. Leo nawaomba radhi nyinyi, hasa mliokaa nyuma. Mlinyoosha mikono nikawapita. Sikuwadharau. Nilikuwa siwasikii, nikaona aibu kusema."

Ndipo tukamwona Pingamizi anainuka, taratibu, na roho zikaturuka. Akaanza kusema, na masharubu yakaanza kutikisika.

"Profesa," mama akamkatiza, "naona unaongea, lakini masharubu yanameza. Tafadhali njoo mbele."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Pingamizi mwenyewe alitabasamu kidogo, akatembea hadi mbele, akasimama mbele yake, akasema kwa sauti ya mahakamani: "Nimeuliza hivi. Kiongozi asiyesikia ataongozaje?"

Kicheko kikafa palepale. Mama hakukwepa.

"Swali ni la haki. Mimi mwenyewe najiuliza kila asubuhi nikipiga mswaki. Nikivaa hivi, nikiona uso wa mtu, na wengine wakinyamaza, nasikia vizuri. Watu wawili wakisema kwa pamoja, simsikii hata mmoja. Mtu akinong'ona pembeni simsikii kabisa, kwa hiyo umbea wenu uko salama." Akasubiri tucheke, tukacheka. "Baraza la Chuo nimeliandikia mwenyewe, lisije likasikia kwa mtu. Wakisema basi, nitarudi maabara, na sitamnunia mtu. Lakini mpaka waseme, kazi hii naifanya, na siwezi kuifanya bila nyinyi kubadilisha namna ya kusema na mimi."

"Kwa utaratibu upi?" Pingamizi akauliza. Nadhani lilimtoka kwa mazoea tu. Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko, na mama akacheka hadi akashika meza.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kipaza sauti kilitolewa jukwaani kikawekwa kwenye mlingoti wake katikati ya njia, mbele. Mwenye swali anakwenda pale, anaangalia mbele, anasema yeye tu. Hoja kuu za kikao zinaonyeshwa ukutani kwa projekta. Anayetaka kubishana na jirani yake atoke nje, akabishane kwenye jua.

Kilichotushangaza ni kilichofuata. Kwenye vikao vyetu vya zamani wenye sauti kubwa ndio waliokuwa na chuo. Walidakia, waliingilia, walimaliza sentensi za wenzao. Sasa mwenye sauti kubwa alipanga foleni nyuma ya mwenye sauti ndogo, na zamu ya mwenye sauti ndogo ilipofika, ukumbi ulilazimika kunyamaza ili Mkuu asikie. Yule dada wa uuguzi, ambaye sikuwahi kuijua sauti yake, alisimama pale akaeleza kwamba wanafunzi wake wakitoka zamu hospitalini hupita kichochoro kisicho na taa nyuma ya karakana, na kwamba ameshalisema hilo kwa ngazi zote. Mama aliandika, akauliza maswali mawili, na mwezi uliofuata taa ilikuwa ndiyo habari tamu ya kwanza. Mwalimu wa takwimu alirudi kuuliza maswali yake yale ya zamani, yote, mfululizo, hadi tukaanza kutazama saa. Mama alijibu yote.

Pingamizi naye, mwezi ule wa pili, aliingia ukumbini akiwa amenyoa masharubu. Mdomo wa juu ulikuwa mweupe kuliko uso mzima, umeshangaa kuona mwanga. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti, akapinga bajeti ya ukarabati wa uzio kipengele kwa kipengele, na kila silabi ilisikika.

Habari ilifika kwa wanafunzi, kama habari zifikavyo. Binti mmoja wa mwaka wa pili wa biashara alikwenda ofisini kwa Mkuu, akakaa akivuta vuta kamba ya mkoba wake, halafu akaondoa nywele akamwonyesha sikio. Alikuwa na tatizo tangu utotoni, hajawahi kumwambia mwalimu yeyote, na alikuwa amefeli masomo mawili kwa sababu wahadhiri wake walizungumza wakiwa wameukabili ubao. Baada yake wakaja wengine. Mama Matone alitumia kikao kizima kwa hilo. "Ubao hauna mtihani," alisema. "Geukieni watu." Akaagiza kila somo liwe na maelezo ya maandishi yanayotolewa kabla ya kipindi. Tulilalamika kuhusu kazi ya ziada. Tuliifanya.

Baraza lilikaa. Wajumbe walivutana, nasikia, mpaka chai ikapoa na kupashwa tena. Kuna waliosema wazi kwamba aondoke. Mwisho walimpa miaka miwili badala ya mitano aliyostahili. Alitupa habari hiyo kama alivyotupa nyingine zote.

"Chungu: wamenipa miwili. Tamu: wamenipa miwili. Kuchimba kisima cha pili kunataka mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo tusipoteze muda."

Alikimaliza kisima. Mkandarasi mpya wa maktaba alifika hadi kwenye paa, na sakafu ya juu ilifunguliwa mwezi mmoja kabla hajaondoka. Siku alipokabidhi ofisi hakutaka sherehe; alisimama ukumbini, akasoma habari za mwezi, akajibu maswali, akamkabidhi Naibu wake kipaza sauti, akashuka akaenda kukaa safu ya tatu.

Siku hizi anafundisha kemia kwa mwaka wa kwanza. Sikio la kushoto limeshakwisha kabisa, la kulia linakaribia. Yule binti wa biashara alishahitimu, ameajiriwa hapa hapa chuoni kitengo cha wanafunzi, na Jumamosi asubuhi anafundisha lugha ya alama kwenye kantini, meza zikiwa zimesogezwa ukutani. Tunakwenda walimu wachache, mpwa wa marehemu, mke wangu, na Mama Matone na mume wake, ambao hukaa mbele. Mama ni mwanafunzi mgumu. Anataka kujua kwa nini alama iko hivyo na si vile. Mwalimu wake anamrudisha nyuma bila kumwonea haya, anamshika vidole, anavinyoosha, anamwambia arudie, na aliyekuwa Mkuu wa Chuo anarudia.

Juzi nilipita kwao kurudisha ngazi niliyoazima. Walikuwa kibarazani, wamekaa wametazamana, wanagombana kwa mikono kuhusu jambo la mjukuu, kama ahamishwe shule au asihamishwe. Mume alikosea alama fulani, nadhani alisema punda badala ya shule, na mama akampiga kofi dogo kiganjani, akamwonyesha tena. Waliponiona walinionyesha kiti kwa mkono. Nikakaa, nikamiminiwa chai, nikainywa, wao wakaendelea kubishana.